Spika Zote Ziliwatazama Wageni

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Tanga, na karibu nusu ya umri wangu nimeimaliza hapa London. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huku Barking. Ukinipigia simu leo utadhani umempata mwanamume mwenye mafua. Sina mafua. Hii ndiyo sauti niliyobakiwa nayo, na nataka niwasimulie ile ya kwanza ilikokwenda.

Ile ya kwanza ilikuwa sauti, jamani. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Nilianza na kasida nikiwa mtoto wa madrasa, nikapanda hadi kundi la taarab la mtaani kwetu. Nilipofika Uingereza nikaolewa na Idi, mpiga gitaa, watu wakasema hawa wawili Mungu kawakutanisha makusudi. Na mimi nikasadiki... Nani asingesadiki?

Tukaunda bendi yetu ndogo. Idi alikuwa kiongozi na gitaa la solo. Kabeya, Mkongo mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alipiga besi. Chande alikaa kwenye dramu, na mimi nikaimba. Tukajiita Nyota Nne. Siku za kazi Idi aliendesha gari la kusambaza bidhaa za duka kubwa, mimi nikawaogesha wazee wangu, na mwisho wa wiki, mchana, tulipiga kwenye harusi, send-off na kitchen party za Watanzania na Wakenya. Tulikaa Tottenham, flati ya council, yaani ya manispaa, ghorofa ya tatu, na binti yetu mmoja, Nasra.

Kwa wasioijua taarab niwaambie jambo moja, maana mkasa wangu wote umekaa hapo. Mwimbaji wa taarab hauzi sauti tupu, anauza maneno. Mwanamke aliyekaa meza ya nyuma akisikia ubeti unaomgusa, au unaomchoma jirani yake, atainuka taratibu, atakuja mbele akicheza, atakutunza. Atakubandika noti yake huku anakutazama machoni, kisha atarudi zake kwa maringo. Hapo ndipo mwimbaji anajua kwamba ameimba. Mimi nilikuwa natunzwa mpaka bibi harusi mwenyewe anaona wivu.

Miaka hiyo tulikuwa na spika mbili za wastani tulizoachiwa na mwenzetu aliyerudi nyumbani, pamoja na kispika kimoja kidogo cha kuweka sakafuni. Wanamuziki hukiita monita. Zile mbili ziliwatazama wageni. Hiki kidogo kilinitazama mimi.

Mtu atauliza, kispika cha nini tena na zile kubwa zipo? Ndugu yangu, mwimbaji husimama nyuma ya spika. Sauti yake inakwenda mbele kwa wageni, yeye anabaki na dramu mgongoni na gitaa sikioni. Kile kidogo kinamrudishia sauti yake mwenyewe, ajue yuko wapi. Kikikosekana, hajisikii. Na mwimbaji asiyejisikia hufanya nini? Anapiga kelele, huku akidhani anaimba.

Basi kile kidogo ndicho kilichotangulia kufa. Nikamwambia Idi, akasema tutaona. Baadaye na zile mbili zikaanza kukohoa. Kabla hatujaamua la kufanya, ikatokea harusi moja iliyomtia mume wangu ugonjwa.

Siku hiyo tulipangwa kupiga kwa zamu na DJ. Yule kijana alikuja na maspika kama makabati ya nguo. Alipowasha, vijiko vilitembea mezani. Tulipopanda sisi na vispika vyetu vinavyokohoa, tulifika wimbo wa pili tu, mama wa bibi harusi akaja akanishika mkono kwa upole. "Mwanangu, pumzikeni kidogo, DJ aendelee. Vijana wanataka kucheza."

Kupumzika kwenyewe ndiko kulikuwa moja kwa moja. Tulipofika nyumbani Idi akasema, "Watu siku hizi wanapima bendi kwa macho, Mama Nasra. Wakiona box dogo, wameshakudharau kabla hujafungua mdomo."

Tangu hapo akawa haongei kitu kingine ila maspika. Akiwa anakula, maspika. Akiwa chooni, nasikia video za maspika.

Jumamosi moja tukaenda Kenton, dukani kwa Bwana Harish. Huyu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Moshi, anauza vyombo vya muziki, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wetu. Akatuonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa spika mbili za kati, za kusimamisha juu ya stendi, na monita mbili za sakafuni. Ya pili ilikuwa makabati mawili makubwa yenye besi nzito, yakinifika kifuani. Akiba ya bendi ilitosha njia moja tu.

Nikasema, "Hii ya kwanza ndiyo yetu."

Idi alitoa simu, akaiunganisha na yale makabati, akapiga wimbo wa disko uliorekodiwa studio. Duka zima likatetemeka. Akafumba macho akitikisa kichwa, kama mtu aliyeonja biriani ya harusini.

Mimi nikaomba maiki. Wimbo wa studio umeshapikwa ukaiva, nikasema, hata redio ya jikoni itautoa vizuri. Ngoja niimbe ubeti mmoja tusikie maneno yanatokaje. Bwana Harish alishanyoosha mkono anipe maiki...

"Mama Nasra, usituaibishe dukani kwa watu," Idi akasema. "Mchagua jembe si mkulima. Tumeshapata."

"Na monita?"

"Ukijua unachokiimba utajisikia moyoni."

Bwana Harish akacheka, kicheko kile cha muuza duka, cha kumchekea aliyeshika kadi ya benki. Kisha akaniambia, "Usijali Mama, hii kubwa ina nguvu sana." Na mimi, sijui kwa nini, nikatabasamu. Mpaka leo tabasamu lile linanikera kuliko maneno yao.

Makabati yakaja nyumbani. Hayakuingia kwenye lifti. Idi na Chande waliyapandisha kwa ngazi huku majirani wakichungulia. Hayakuwa na pa kukaa ila sebuleni, yakaziba nusu ya dirisha. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nikayatandika vitambaa vya kufuma na kuweka chombo cha maua juu yake. Wageni wakija wakaulizia hizo meza nimenunua wapi.

Kazi ikaanza. Wasomaji, nisiwadanganye, harusi ya kwanza watu walishangilia walipoyaona. Idi alivimba. Lakini nilipofungua mdomo, sauti yangu niliiona ikiondoka na sikuiona ikirudi. Nyuma yangu Chande anapiga kwa nguvu ili alingane na besi. Kabeya naye anaongeza. Nikasukuma. Wimbo wa pili nikasukuma zaidi. Nikimaliza kazi, koo linawaka na shingo imekakamaa, nakunywa tangawizi na asali, kesho naenda kazini nanong'ona.

Nikisogea mbele nijisikie, maiki inanasa sauti ya spika, zinapiga mluzi wa kutoboa masikio, na ukumbi mzima unanitazama mimi. Idi naye ananitazama mimi.

Na wanawake wakaacha kuja kunitunza. Wangepita wapi? Makabati yamekaa mbele kama mabaunsa, besi inawapiga kifuani. Niliwaona wamekaa mbali wamejiziba masikio kwa mitandio. Bibi mmoja wa Kizanzibari, mpenzi wangu wa siku zote, alinifuata tukifungasha. "Mwanangu, leo tumesikia kishindo. Maneno hatukuyapata hata moja."

Nikamfikishia Idi. Akasema, "Ongeza sauti."

Nikamwambia sijisikii. "Ongeza sauti." Nikamwambia koo linauma. Akasema wanawake wa Tanga tunadeka. Nilimwomba tununue kimonita kimoja tu, hata kilichotumika. Akasema tumeshanunua spika, watu wangapi duniani wana spika kama zile? Nilimwambia jikoni, nikamwambia kwenye gari, nikamwambia mbele ya Kabeya, na Kabeya akainamisha macho akafuta nyuzi za besi yake.

Ikafika harusi ya Barking. Mlinzi wa ukumbi alitupokea mapema akatuonyesha kifaa kilichofungwa ukutani, chenye vitaa. Akatueleza kwamba majirani wamelalamika sana, hivyo kelele zikizidi taa inakuwa nyekundu, na nyekundu ikidumu, umeme wa jukwaani unajikata wenyewe. Idi akaitikia vizuri kabisa. Mlinzi alipoondoka, Idi akasema, "Anatutisha."

Wimbo wa kwanza, nyekundu ilikuja ikaondoka. Wimbo wa pili, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, shela lake linashikwa na wasimamizi, Idi akaongeza... Taa ikawaka nyekundu ikaganda. Kukawa kimya jii.

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Tumekimbia mgao wa umeme nyumbani, kumbe umetutangulia Barking!" Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi harusi alisimama katikati ya njia na wanja wake umeanza kulowa. Idi alikuwa amepiga magoti anahangaika na nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Ningefanya nini? Yule binti nilimwona tangu anabebwa. Nikaiweka maiki chini, nikashuka jukwaani, nikaimba kwa koo langu tupu, nikipita kati ya meza, nikamfuata bibi harusi nikamwongoza hadi kwenye kiti chake. Chande akaniunga mkono kwa kupiga tumba. Maneno yakafika. Wanawake wakainuka meza kwa meza, vigelegele, wakanitunza mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nilijisikia, jamani. Kwa mara ya kwanza tangu yale makabati yaje, nilijisikia!

Lakini koo lilikwishachoka siku nyingi, na ukumbi ulikuwa mkubwa. Kwenye ubeti wa mwisho, pale pa kupanda juu, nilihisi kooni kama uzi umekatika. Nikamaliza kwa kutabasamu.

Kwenye gari Idi alikuwa na furaha. Akanipiga begani. "Umeona? Sauti unayo. Ulikuwa unadeka tu."

Asubuhi nikaamka niseme bismillahi, haikutoka.

Hospitali walinipitisha kamera nyembamba puani, nikaonyeshwa nyuzi zangu za sauti kwenye kioo. Zilikuwa na vinundu, na kimoja kilikuwa kimevuja damu. Daktari, mama mmoja wa makamo, akaniuliza mbele ya mume wangu, "Unapoimba, unajisikia?" Nikatikisa kichwa. Akamgeukia Idi, naye akatoa simu mfukoni kama mtu aliyepigiwa. Haikuwa imelia.

Niliamriwa kunyamaza kabisa, kisha mazoezi ya polepole, na nisisukume sauti tena maishani. Nikawa bubu ndani ya nyumba yangu. Nikitaka chumvi naonyesha kwa kidole. Na harusi tulizokwisha kuahidi zilikuwa zinakuja.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemtaja Salma. Alikuwa binti wa rafiki yangu, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini akikisema kinapigwa pasi na Kiingereza. Sauti anayo. Tangu kabla sijaugua nilikuwa namfundisha nyimbo zangu jikoni kwangu, neno kwa neno, nikimweleza hili ni fumbo, hapa unanyanyua nyusi, hapa unamtazama mtu halafu unageuka. Nikamwandikia Idi kwenye simu, mchukue Salma kwa muda mpaka nipone. Idi akasema sawa.

Naomba msimlaani Salma. Hajanikosea kitu.

Miezi ikapita. Sauti ikarudi, lakini si ile. Ilirudi hii mnayoisikia, nzito, inayokatika katikati ya sentensi. Idi hakuniuliza kama nitarudi jukwaani na mimi sikumuuliza. Ndipo jirani yetu akaoza binti yake, nikaenda kama mgeni mwalikwa, na Nasra pembeni yangu.

Tukiwa bado mlangoni nilisikia kila neno. Nikashtuka. Nyimbo zangu, mafumbo yangu, yanatoka safi kama mtu anakunong'oneza. Nikasogea. Makabati yamesukumwa pembeni kabisa, yamepunguzwa sauti. Njia ya mbele iko wazi, na wanawake wamepanga mstari kumtunza Salma. Yule bibi wa Kizanzibari alikuwa wa kwanza.

Na miguuni pa Salma kulikuwa na kispika. Cheusi, kidogo, kimelazwa ubavu. Kinamtazama yeye.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwuliza Nasra, "Kile kimekuja lini?"

"Hicho? Kitambo, Mum. Dad bought it after her first practice." Baada ya mazoezi ya kwanza tu!

"Nani alimwambia anunue?"

"Salma. Alisema tu, Anko, sijisikii."

"Mara ngapi?"

Mtoto akanitazama kama ambaye hajaelewa swali. "Once. She just asked, Mum."

Mara moja... Aliomba tu. Jumamosi iliyofuata Idi akaendesha gari mpaka Kenton. Kwani mimi nilikuwa naomba kwa lugha gani? Nililala naye kitanda kimoja, nikimwambia sijisikii, sijisikii. Wimbo huu niliuimba kuliko nyimbo zote nilizowahi kuimba!

Nikala pilau ya watu, nikapiga makofi. Salma alipoteremka alinikumbatia akasema, "Anti, bila wewe nisingeweza." Nikamwambia umeimba vizuri mwanangu, na ilikuwa kweli.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilimkabili mume wangu. Hata kugombana sikuweza, maana kugombana nako kunataka sauti. Nilimwuliza pole pole, "Baba Nasra, Salma kakwambia mara moja ukanunua. Mimi ulinisikia au hukunisikia?"

Nilitegemea akatae. Nilitegemea anitafutie uongo mzuri, aseme Bwana Harish aliuza kwa bei ya kutupa, aseme chochote. Idi alifikiri kidogo, akajibu bila hasira, kama mtu anayeulizwa basi linapita saa ngapi.

"Nilikusikia. Lakini yule ningemkatalia angeondoka. Wewe ungekwenda wapi?"

Wasomaji, watu hupenda kuniuliza kama alikuwa akitoka na yule binti. Hapana. Ingekuwa hivyo ningejua pa kulilia, na mashoga zangu wangekuja kunipa pole. Huu wa kwangu hauna jina. Alinisikia. Kila mara alinisikia, akapiga hesabu kwamba mimi ni wa nyumbani, nipo, sina pa kwenda, basi koo langu linaweza kusubiri.

Nikamwonyesha pa kwenda. Nimepanga chumba huku Barking, hatua chache kutoka kwa wazee wangu. Nasra anakuja mwisho wa wiki, tunapika, tunacheka. Vitambaa vyangu vya kufuma nilivitoa juu ya makabati nikaondoka navyo. Makabati nilimwachia.

Kazini kuna bibi mmoja Mwingereza, kipofu, ambaye hupenda nimwimbie nikimchana nywele. Namwimbia chini chini, maneno haelewi hata moja. Anasema sauti yangu inamtuliza. Namshukuru, halafu naenda kulia chooni, maana yeye hakuisikia ile nyingine... Mwenye kovu usidhani kapoa.

Dada zangu mnaoimba, makanisani, kwenye kasida, kwenye bendi za waume zenu, nawaomba msipite nilikopita. Mkienda kuchagua spika, usiache simu iimbe kwa niaba yako. Shika maiki uimbe wewe, hata duka zima likuone mshamba. Moja ya spika hizo lazima ikutazame wewe. Ukisema hujisikii na mtu akakuambia ongeza sauti, usiongeze. Shuka jukwaani. Na nyinyi waume, yule wa nyumbani ambaye mnajua haendi popote, huyo ndiye wa kumsikiliza kwanza.

Wiki iliyopita Idi alinipigia simu. Salma amepata bendi kubwa, ameondoka, na kile kispika kiko sebuleni kimekaa bure. Akasema nyumba imekuwa kimya. Akasema sasa monita ipo, nirudi, ataiweka miguuni pangu mwenyewe kwa mikono yake.

Nikamjibu. Nilimjibu neno moja, kwa sauti hii niliyobakiwa nayo.

Akasema, "Haloo? Sikusikii, Mama Nasra. Ongeza sauti."

Sikuongeza.